Ufa Chini ya Majani Mapya

4 Februari

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kama kuna mtu chumbani, iweke barua hii mfukoni uisome ukiwa peke yako, na ukiisha kuisoma uichome. Usimwambie yeyote hata neno moja lililomo, si mkeo, si mkubwa wako, si rafiki unayemwamini kuliko wote. Najua naanza vibaya. Ulitufundisha kwamba barua nzuri huanza na habari ya afya. Afya yangu ni nzuri.

Mimi ni yule mwanafunzi wako wa kemia wa dawati la mbele, upande wa dirisha, uliyekuwa ukimwita Wino kwa sababu ya kuchafua mfuko wa shati. Sasa ni karani katika mgodi wa makaa ya mawe, idara ya mazingira. Idara yenyewe ni chumba kimoja cha mabati na watu wawili: mimi na Afisa Mazingira, ambaye kila mtu humwita Bwana Shwari kwa kuwa ukimuuliza jambo lolote hujibu "shwari". Mimi nafungua barua zinazoingia, nazigonga muhuri na kuziandika kwenye rejista, kisha naandika kwa mkono lebo za chupa za sampuli za maji. Huku naitwa Karani wa Chupa.

Juzi nilifungua barua ya mamlaka yenu inayosema wakaguzi watakuja Machi. Chini kulikuwa na saini nne. Ya tatu niliijua kabla sijasoma jina. Ni ileile iliyokuwa ikikaa chini ya mazoezi yangu kwa wino mwekundu, yenye mkia unaorudi nyuma. Sikujua kwamba uliacha ualimu. Niliitazama mpaka Bwana Shwari akaniuliza kama nimeona jini.

Sasa jambo lenyewe. Maji ya kuoshea makaa huingia kwenye bwawa la tope lililo juu ya kilima, likizuiwa na tuta la udongo. Chini ya tuta, bondeni, kuna nyumba za wafanyakazi, safu sita. Ndani ya tuta yamechimbiwa mabomba membamba. Unashusha kamba yenye kitu kizito mwishoni, na ikigusa maji unajua yako umbali gani kutoka juu. Kadiri yanavyopanda ndivyo udongo unavyolowa, na tuta lililolowa halishiki. Kila Jumanne vipimo hivyo vinatakiwa kuandikwa kitabuni. Tangu niajiriwe, miezi kumi na minne sasa, sijaona mtu akishusha kamba. Bwana Shwari hunipa kitabu cha zamani na kuniambia ninakili, nibadilishe tarakimu ya mwisho tu. Nimekuwa nikifanya hivyo, Mwalimu. Nimefanya hivyo kwa mwandiko mzuri.

Mwezi uliopita nilishusha kamba mwenyewe, saa ya chakula. Bomba la tatu: maji yako mita tano kutoka juu. Kitabuni nimeandika tisa. Na mgongoni mwa tuta kuna ufa wa hatua thelathini na moja. Rula yangu inazama ndani yake mpaka mwisho.

Katika safu ya kwanza ya nyumba zile, iliyo karibu zaidi na tuta, anaishi dada yangu na shemeji, ambaye ni mchimbaji, na binti zao pacha wa miaka saba. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama. Sijamwambia kitu.

Usinipigie simu, simu zetu tunaziacha getini na sijui nani huzishika. Ukijibu, tumia sanduku la posta lililo nyuma ya bahasha. Ni la fundi viatu wa stendi, mtu asiye na udadisi isipokuwa kwa soli.

Mwanafunzi wako,
Wino


11 Februari

Wino,

Marahaba, mwanangu. Mlango niliufunga, na barua nimeichoma kwenye sinki, mke wangu akauliza nani anaunguza chakula.

Nilikusoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, mazoea tu, na sikupata pa kuitumia. Nilifurahi kabla sijaogopa. Ualimu niliuacha miaka minne iliyopita, kifua kilikataa chaki. Nikaja huku nikidhani nitakuwa napima maji. Zaidi napima karatasi.

Sikiliza vizuri. Ukaguzi wetu hufuata fomu. Ina kurasa kumi na mbili za maswali, na kila swali lina kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Sina ruhusa ya kumwambia mwenye mgodi "hebu shusha kamba hapa" kama hakuna lalamiko la maandishi kwenye faili. Kwa hiyo niandikie lalamiko. Liwe rasmi, lielekezwe kwa mamlaka, liwe na vipimo na tarehe. Usiweke jina. Nitalipeleka masijala mimi mwenyewe, na nitaandika SIRI juu yake kwa mkono wangu.

Usikonde. Mambo haya yana njia yake, na njia hiyo ikifuatwa, hufika.

Mwalimu wako wa kemia


18 Februari

Mwalimu,

Shikamoo. Lalamiko limo ndani ya bahasha hii, kurasa mbili.

Naomba unisamehe jambo moja. Sikuthubutu kulichapa. Printa ya ofisi huweka kumbukumbu ya kila karatasi, na kule stendi mwenye duka la kuchapa husoma kwa sauti kila anachokichapa. Nikajaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Ungecheka. Ilionekana kama kuku amekanyaga wino akapita. Nikajiuliza, nani ataamini kwamba tuta linapasuka akisoma mwandiko huu? Atasema ni mlevi. Basi nikaichana, nikakaa sawasawa, nikaandika kwa mkono wangu wa kulia, taratibu, kama mtihani. Najua haikuwa busara. Lakini hakuna jina, na umesema litakuwa siri.

Huku maandalizi yamepamba moto. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Jana trekta tatu zilileta majani yaliyokatwa pamoja na udongo wake, kama mikeka, wakayatandaza juu ya tuta, hasa palipo na ufa. Bwana Shwari alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Karani wa Chupa, unaonaje? Si kama uwanja wa mpira?"

"Yatakauka, Afisa. Hayana mizizi."

"Yakikauka wageni watakuwa wameshaenda zao. Wewe unataka majani yaishi miaka mingapi, yana watoto?"

Vibarua wakacheka. Nami nilicheka, Mwalimu. Mtu asiyecheka huonekana.

Chupa za sampuli ni tisa. Dereva wa ofisi alizijaza kwenye bomba la nyumbani kwa Meneja, nami nikabandika lebo: "Maji ya mto, chini ya bwawa." Dereva akazinyanyua juani akasema, "Mto wetu umepona!"

Nimeweka jiwe dogo jeupe pembeni mwa majani, mahali ufa unapoanza. Ukiliona, simama hapo.

Wino


4 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Asante kwa kutonijua. Uliponipa mkono ukauliza, "Na wewe kijana, unafanya nini hapa?" nilikaribia kujibu kama zamani, kwa kusimama. Nikasema naandika lebo. Uso wako haukubadilika hata kidogo. Sikujua una kipaji hicho.

Lakini nataka kukuuliza jambo, na nimeanza barua hii mara nne.

Mlifika juu ya tuta saa sita kasoro. Mimi nilibeba mwavuli wa kiongozi wenu. Wenzako walibaki njiani wakipiga picha za mawe yenye chokaa. Wewe ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe langu. Ulisimama juu ya ufa. Ulibonyeza kwa kisigino, majani yakazama, na kiatu kikaingia mpaka kwenye kamba zake. Niliona uso wako, na safari hii ulibadilika. Nikasema moyoni, sasa.

Kisha Meneja akasema chakula kinapoa. Ukautoa mguu, ukaandika kitu kwenye fomu, ukashuka pamoja nao.

Hamkushusha kamba. Hakuna aliyeuliza kamba iko wapi. Nilikuwa nimeiweka mlangoni mwa ofisi, juu ya kiti, ili ionekane.

Mwalimu, uliandika nini?

Wino


12 Machi

Mwanangu Wino,

Swali la arobaini na tatu linasema: "Je, tuta limeoteshwa majani?" Niliweka alama kwenye ndiyo. Lilikuwa na majani.

Najua utakavyoisoma sentensi hiyo. Nami nimeisoma hivyohivyo. Ufa niliuhisi mpaka kwenye goti. Lakini lalamiko lako lilikuwa halijafunguliwa jalada. Masijala walikuwa wakihama chumba, mafaili yalikuwa kwenye maboksi, na bila jalada nilikuwa mtu tu aliyesimama kwenye majani. Ningepiga kelele pale, kiongozi angeniuliza nimejuaje, na jibu la swali hilo ni wewe.

Habari njema ni kwamba tangu juma lililopita lalamiko lina namba. Nimeliona kwa macho yangu, limegongwa muhuri, na neno SIRI liko palepale nilipoliandika. Kitu chenye namba hakipotei. Sasa sheria inawalazimu watu wenu kujibu, na sisi kurudi na kamba yetu wenyewe.

Vumilia kidogo.

Mwalimu wako


27 Machi

Mwalimu,

Jumatatu dereva alileta mfuko wa barua. Nilifungua ya kwanza, ya pili, na ya tatu ilikuwa ya mamlaka yenu. Karatasi ya juu ilisema: "Tunaambatanisha nakala ya lalamiko tulilopokea. Mnatakiwa kutoa majibu ndani ya siku ishirini na moja." Nikafunua ukurasa wa pili nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe.

Neno SIRI lilikuwemo pia. Limetoka vizuri sana kwenye nakala.

Nilifikiria kuila. Nasema kweli, nilipima kwa macho kama kurasa mbili zinaweza kumezwa. Lakini dereva alikuwa ameshasaini kwenye daftari la kupokelea, na namba ya barua imo. Kwa hiyo nilifanya kazi yangu. Niligonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikaandika kwenye rejista kwa mwandiko uleule, nikampelekea Bwana Shwari.

Alisoma polepole, mdomo ukicheza. Alipomaliza aliinuka, akatoa chupa moja kwenye rafu, akaiweka mezani kando ya barua, akaigeuza mpaka lebo ikatazamana na karatasi.

"Mwandiko mzuri huu," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Shuleni tu, Afisa."

"Walimu wa zamani walijua kazi." Akairudisha chupa mahali pake. "Mdogo wangu, mimi nilidhani tunaelewana. Mimi nastaafu mwakani. Ulishindwa kunisubiri?"

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Nikaitwa kwa Meneja. Nilitegemea barua ya kufukuzwa, hata nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu kichwani. Akaniagizia chai.

"Kijana msomi kama wewe," akasema, "tumekuwa tukikupoteza kwenye machupa." Akasukuma karatasi. Nimepandishwa cheo, Mwalimu. Mimi ni Kaimu Afisa Mazingira, kuanzia tarehe moja Januari.

"Januari, Meneja? Sasa ni Machi."

"Sisi tunakuthamini tangu zamani."

Kulikuwa na karatasi tatu za kusaini. Ya kwanza ni uteuzi huo. Ya pili ni jibu la lalamiko: kwamba mimi, Kaimu Afisa Mazingira, nimekagua tuta, hakuna ufa, na mabomba yote yako salama. Ya tatu ni tangazo fupi lenye maneno hayohayo, sikuambiwa litakwenda wapi. Nilishika kalamu bila kuandika. Meneja akanywa chai yake, akataja namba ya nyumba ya dada. Kisha akataja zamu ya shemeji, kwamba yuko shimoni, kundi la asubuhi. Alizitaja kama mtu anayeulizia hali ya nyumbani.

Nilisaini zote tatu.

Utapokea jibu letu ofisini kwako wiki ijayo. Saini ya chini ni yangu. Nakuomba usiliamini.

Wino


6 Aprili

Wino,

Nimelipokea. Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda masijala nikamuuliza yule mama kwa nini alituma nakala ya kitu kilichoandikwa SIRI. Akanifungulia kanuni, ukurasa umekunjwa kona kwa matumizi: mlalamikiwa apewe nakala ya lalamiko. "Wewe uliandika siri, mimi sikumwambia mtu," akanijibu. "Niliweka tu kwenye bahasha nikaifunga." Anazo kazi nyingi na hana ubaya wowote. Mimi ndiye nilipaswa kuijua kanuni ile.

Mkubwa wangu amelifunga jalada. Anasema lalamiko halina jina, na jibu lina jina, cheo na saini, kwa hiyo jibu lina uzito zaidi. Nilibishana naye. Si kwa nguvu sana, nakiri.

Kuna njia moja. Nitumie vipimo vya kweli, tarehe kwa tarehe, safari hii kwa saini yako, na nitaomba jalada lifunguliwe upya. Na usingoje karatasi, mtoe dada yako pale. Mwambie lolote.

Nisamehe, mwanangu.

Mwalimu


16 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya kuniambia nihame nimeipata. Pacha waliileta wakikimbia, wakidhani ni ya mchumba wako. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikicheka. Tangu lini unaniandikia mimi barua kama vile mimi ni ofisi? Kutoka kwenye hiyo nyumba mpya waliyokupa huko juu mpaka kwangu ni mwendo wa robo saa, wote ni mteremko. Au ukubwa umekukaza magoti?

Unasema tuta linaweza kukatika wakati wowote na nisimwambie mtu. Nikakuamini. Niliogopa mpaka nikaanza kufunga vyombo. Jirani akaniona, akaniuliza, "Mama Pacha, safari ya wapi?" Sikumwambia umesema wewe, nikasema tu nimesikia tuta si zima. Akanishika mkono akanipeleka kwenye ubao wa matangazo pale kisimani. "Soma mwenyewe," akasema. "Si huyu ndugu yako?"

Nikasoma. Tuta limekaguliwa, hakuna ufa, wakazi wasiwe na wasiwasi. Na chini jina lako, cheo chako, na ile saini yako ya madoido. Jirani akasema, "Kama kungekuwa na jambo, angekuacha wewe hapa? Wewe uliyembeba mgongoni?" Watu watatu waliokuwa wamefungasha kama mimi walirudisha vitu ndani baada ya kuiona saini hiyo, kwa sababu wanajua wewe ni wangu.

Sasa nimwamini yupi, Wino wa barua au Wino wa ubaoni? Nadhani unafanya kazi kupita kiasi. Ulikuwa hivihivi kabla ya mitihani, uliwahi kulia ukisema umesahau kusoma kitabu ambacho hakikuwepo. Nikihama, nyumba ni ya mgodi, itapewa mtu mwingine siku hiyohiyo, na mume wangu atahesabiwa ameacha kazi. Nitamwambia nini? Kwamba mdogo wangu aliota?

Njoo Jumapili ule ushibe. Shati lako la bluu nimelishona kwapa.

Dada yako


22 Aprili

Mwalimu,

Vipimo ni hivi, vimesainiwa. Bomba la tatu: Januari mita tano, mwanzo wa Machi mita nne, mwisho wa Machi mita tatu na nusu, jana mita mbili na nusu. Majani yamekauka yakawa kahawia na sasa ufa unaonekana tena. Ngumi yangu inaingia.

Nilikwenda kwa dada Jumapili. Nilikuwa nimepanga kusema kila kitu mezani, mbele ya shemeji. Shemeji aliniinulia bilauri akaniita Bwana Afisa, pacha wakapiga makofi. Nikasema tuta ni baya, ile saini nililazimishwa. Shemeji akaacha kula. Akaniuliza nani alinilazimisha, na kwa fimbo gani. Nikasema, "Meneja alitaja zamu yako." Akasema, "Alitaja zamu yangu, basi?" Ukilisema kwa sauti halionekani kuwa jambo.

Dada alinisindikiza mpaka kisimani. Akasema watakwenda kwa shangazi wa mumewe shule zikifungwa, ili kuniridhisha. Shule zinafungwa tarehe kumi Mei.

Mvua imeanza. Nijibu haraka.

Wino


8 Mei

Wino,

Nilisikia habari za tuta redioni. Sikumtajia mke wangu mahali, nilizima tu, lakini aliona.

Sijui kama dada yako yu hai na sina haki ya kuuliza, ila nauliza.

Barua yako ya vipimo nilikuwa nimeiweka mezani nikisubiri mkubwa arudi safari. Alirudi jana. Tume ya uchunguzi imeundwa na jalada lenu limechukuliwa. Nimeona orodha ya yaliyomo. Fomu ya ukaguzi imo. Jibu lenye saini yako limo. Lalamiko halimo. Nilimuuliza mama wa masijala akaniambia namba ile sasa ni ya jalada jingine.

Barua zako kwangu zote nilizichoma, kama ulivyoniomba. Ya vipimo pia, jana, nilipoona orodha ile. Nilifanya haraka, kisha nikakaa.

Nina jambo la kukuomba, nami nakuomba ulitunze. Barua zangu kwako ziko nne. Zinaonyesha kwamba nilijua kabla ya ukaguzi, na kwamba niliweka alama kwenye ndiyo huku mguu wangu uko ndani ya ufa. Nina umri wa miaka hamsini na saba. Zichome, mwanangu. Hazitamrudisha mtu.

Mwalimu wako


11 Mei

Mwalimu,

Shikamoo.

Lilikatika tarehe tano, saa nne asubuhi, saa ya kufua. Pacha walikuwa shuleni, na shule iko upande wa kilima. Shemeji alikuwa shimoni. Safu ya kwanza na ya pili hazipo. Wamewapata watu kumi na tisa, wote wamekufa. Dada hajapatikana. Shemeji anachimba tope kila siku tangu alfajiri, kwa koleo na kwa mikono, na nikimkaribia anahamia upande mwingine. Ubao wa matangazo ulibaki umesimama. Watu walikwenda kulisoma tangazo lile tena, mmoja mmoja, kisha yule jirani wa dada akalibandua, akaniletea, akanipa mkononi. Mumewe yumo katika wale kumi na tisa.

Bwana Shwari alikuja kunipa pole. Nilimuuliza kama atasema mbele ya tume kwamba vipimo vilikuwa vya kunakili. Alilia, Mwalimu, alilia kweli. Akasema yeye aliacha cheo kile tangu Januari.

Uko sahihi kwamba barua zako haziwezi kumrudisha mtu. Lakini ndizo karatasi pekee nilizo nazo zinazosema kwamba mamlaka yenu iliwahi kuonywa. Zangu umezichoma kwa sababu niliomba, na nilipokuwa naomba nilidhani ninajikinga. Sitazichoma zako. Wala sitazionyesha bila wewe, bado siwezi. Nimejaribu kuzipeleka kwa tume mara mbili nikarudi mlangoni. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika ninachokiona, hata jaribio likienda kombo. Njoo uyaseme mwenyewe. Sidhani kama utakuja. Nakuandikia namna ya kunipata ili baadaye usiseme hukujua.

Mpaka Jumapili niko shule ya msingi walikohifadhiwa watu wa bondeni. Panda basi mpaka stendi, muulize fundi viatu, atakuonyesha njia ya kupandia kwa miguu, maana ile ya magari imefunikwa. Usipitie geti la mgodi. Usimuulize mtu Kaimu Afisa yuko wapi, hawatakujibu vizuri. Sema unamtafuta Karani wa Chupa. Jumatatu saa mbili nimeitwa kituo cha polisi, na nimeambiwa nibebe nguo za kubadilisha. Baada ya hapo niulizie kaunta, sema wewe ni ndugu, mwalimu hawamruhusu. Barua zako nne hazitakuwa nami. Zitakuwa na fundi viatu, ndani ya boksi la viatu vya kike ambavyo mwenyewe hajaja kuvichukua. Nimemwambia akupe wewe tu, na wewe utaamua.

Ukija kabla ya Jumatatu, nipo darasa la tatu, mlango wa kijani, nyuma ya madawati yaliyopangwa kuwa ukuta. Mlangoni utamkuta mmoja wa pacha. Huwezi kumpita, humsimamisha kila anayeingia na kumuuliza kama yeye ndiye mtu wa kumtafuta mama. Usimwambie asubiri, wala usimwambie kwamba mambo haya yana njia yake. Mtajie jina lako na kazi yako. Kisha yeye mwenyewe atakushika mkono akulete nilipo.

Wino